Programu ikigoma: Namna ya kusaka makosa katika lugha ya C na Windows

Na Mwandishi Wetu, Same

KIJANA anayejifunza kuandika programu za kompyuta peke yake mjini Same, bila mwalimu wa kumwuliza, hukutana na kikwazo siku ya kwanza. Hunakili mistari michache kutoka kitabuni, huiamuru mashine ianze kazi, nayo mashine humjibu kwa ujumbe mrefu wa Kiingereza unaoorodhesha makosa kumi au zaidi.

Wengi huishia hapo. Hufunga kompyuta wakiamini kwamba kazi hiyo ina wenyewe, na kwamba wao hawakujaliwa akili yake.

Imani hiyo haina msingi. Makosa yanayowakwamisha wanaoanza lugha ya C katika kompyuta za Windows si mengi, yanafahamika, na huwapata karibu wote, awe mwanafunzi wa Same au wa chuo kikuu cha Ulaya. Tofauti ni kwamba huyu wa pili ana mtu wa kumwonyesha chanzo chake.

Wakazi wa Milima ya Upare wanayo tayari kanuni inayohitajika. Katika vijiji vya milimani, maji ya umwagiliaji hukusanywa usiku katika bwawa dogo liitwalo ndiva, kisha hufunguliwa asubuhi na kuteremka kwa mifereji hadi mashambani, kila mkulima kwa zamu yake. Maji yasipofika, mkulima hachimbui shamba. Hupanda akiufuata mfereji mpaka aone mahali ulipobomoka au kuziba.

Kosa la programu husakwa vivyo hivyo. Mahali linapoonekana ni chini ya mfereji. Chanzo chake, mara nyingi, kiko juu.

Taifa liliwahi kukata tamaa

Kukata tamaa kwa sababu ya kompyuta si jambo geni nchini. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya mfumo wa hesabu za Serikali uliotegemea kompyuta kuleta matatizo na hasara, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini.

Masharti hayo yalikuja kulegezwa baadaye, na mwaka 2003 nchi ikapata Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Hata hivyo, muda uliopotea haurudi. Mfumo unaposhindwa, kuifungia mashine mlango hakuondoi chanzo. Chanzo husakwa kwa watu, katika taratibu, na katika maagizo yaliyoandikwa.

Lugha ya C yenyewe ilitungwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Imeendelea kutumika kwa sababu ni fupi na huiacha kompyuta ifanye kazi kwa kasi, na sehemu kubwa ya kiini cha Windows imeandikwa kwa lugha hiyo. Ubaya wake kwa anayeanza ni kwamba humwamini mwandishi kupita kiasi. Akikosea, mara nyingi haimzuii.

Kabla ya mstari wa kwanza

Programu ya C haiendeshwi kama ilivyoandikwa. Huandikwa katika faili la kawaida, kisha hutafsiriwa na programu nyingine iitwayo kompaila, ambayo hutoa faili lenye mwisho wa .exe linaloweza kuendeshwa na Windows. Kompaila hiyo haiji pamoja na Windows, hivyo ni lazima ifungwe.

Hapa ndipo bando la kwanza hupotea. Code::Blocks, ambayo hutolewa bure na hutumiwa na wanafunzi wengi, ina mafaili kadhaa ya kupakua. Faili lisilo na neno mingw katika jina lake halina kompaila ndani, na anayelichukua hupata mahali pa kuandikia tu. Anayeishi Chome au Mamba anaweza kupakua faili sahihi mara moja akiwa mjini na kulibeba kwa flashi, kwani kompaila ikishafungwa haihitaji intaneti.

Kikwazo cha pili ni pale Windows inapojibu kwamba gcc haitambuliki kama amri ya ndani au ya nje. Ujumbe huo hauna maana kwamba kompaila haipo. Una maana kwamba Windows haijui ilipo. Dawa yake ni kuongeza folda yenye gcc katika orodha iitwayo PATH, iliyomo katika mipangilio ya mfumo, kisha kufungua upya dirisha la amri. Dirisha lililokuwa wazi tangu awali huendelea kutumia orodha ya zamani, na wengi hudanganyika wakadhani marekebisho yao hayakufanya kazi.

Cha tatu ni jina la faili. Windows, isipoelekezwa vinginevyo, huficha mwisho wa majina ya mafaili. Anayeandika kwa Notepad hudhani amehifadhi hesabu.c, kumbe faili linaitwa hesabu.c.txt, na kompaila husema halipo. Mipangilio ya kuonyesha mwisho wa majina inapaswa kuwashwa siku ya kwanza.

Cha nne huwashangaza wengi zaidi: programu inabofywa mara mbili, dirisha jeusi linawaka na kuzimika papo hapo. Programu haijaharibika. Imefanya kazi, ikamaliza, na Windows ikafunga dirisha. Inatosha kufungua dirisha la amri kwanza, kwenda kwenye folda ya faili hilo, na kuandika jina la programu humo. Majibu yatabaki mbele ya macho.

Aidha, wapo wanaojifunza kwa vitini vilivyorudufishwa tangu enzi za Turbo C, kompaila ya kampuni ya Borland iliyotoka mwaka 1987. Programu zilizotolewa na kompaila hiyo ni za biti 16, na Windows ya biti 64 haiziendeshi. Mifano yenye graphics.h haitafanya kazi katika kompaila za leo bila nyongeza maalumu, hata kama imenakiliwa bila kukosea herufi.

Ujumbe mwingi, kosa moja

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ujumbe wa kompaila, hata hivyo, kwa kawaida huja kwa Kiingereza. Habari njema ni kwamba Kiingereza hicho ni cha maneno machache yanayojirudia. Neno "expected" humaanisha kwamba alama fulani ilitarajiwa lakini haikukutwa. "Undeclared" humaanisha jina limetumika kabla ya kutangazwa. "Undefined reference" humaanisha jina limetajwa, lakini kipande cha programu chenye jina hilo hakikupatikana popote.

Kanuni ya kwanza ni kusoma ujumbe wa juu kabisa na kuiacha mingine yote. Nukta mkato moja ikisahaulika mstari wa 5, kompaila huweza kulalamikia mstari wa 6, wa 7 na wa 12, kwa sababu baada ya kupoteza mwelekeo haielewi tena kinachofuata. Likirekebishwa kosa la kwanza, makosa kumi na saba huweza kutoweka kwa pamoja. Vivyo hivyo, mstari unaotajwa ukionekana hauna dosari, uchunguzwe ule ulio juu yake.

C hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Anayeandika Printf badala ya printf ametaja fanksheni isiyokuwapo. Kompaila za zamani zilitoa onyo tu na kuacha hatua ya mwisho, ile ya kuunganisha vipande, ndiyo igome. Tangu toleo la 14 la GCC, lililotoka mwaka 2024, jambo hilo huhesabiwa kuwa kosa tangu mwanzo.

Ujumbe mmoja huwatia watu hofu isiyo na sababu. Kompaila husema haikupata WinMain, ilhali mwandishi hakuandika neno hilo popote. Programu ya kawaida ya C huanzia kwenye fanksheni iitwayo main, na programu ya madirisha ya Windows huanzia WinMain. Kompaila ya MinGW ikikosa ya kwanza huitafuta ya pili, na ikikosa zote mbili humtaja aliyetafutwa mwisho. Chanzo chake huwa chepesi: main imeandikwa mian, au faili halijahifadhiwa na bado ni tupu.

Hali kadhalika, kompaila inaposema imenyimwa ruhusa ya kuandika hesabu.exe, mwanafunzi hukimbilia kuchunguza mipangilio ya ulinzi. Mara nyingi sababu ni kwamba programu ya awali bado inaendeshwa, na Windows hairuhusu faili linalotumika lifutwe. Ifungwe kwanza, kisha amri irudiwe.

Programu inayokubali, kisha inadanganya

Makosa yote yaliyotajwa yana fadhila moja: hujitangaza. Makosa mabaya zaidi ni yale ambayo kompaila huyapokea, programu ikaendeshwa, na jibu likatoka likiwa si sahihi.

Tuchukue mfano wa wakulima 3 wa tangawizi, zao linalolimwa kwa wingi upande wa Mamba Miamba, waliokusanya kilo 50 na kutaka kugawana sawa. Programu ikiandikwa 50 / 3, C hujibu 16. Kila mmoja akipewa kilo 16, jumla ni 48, na kilo 2 zimetoweka bila ujumbe wowote. Sababu ni kwamba namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, C hutupa sehemu ya desimali. Kuhifadhi jibu katika kigeu cha aina ya double hakusaidii, kwa kuwa desimali imekwisha kutupwa kabla jibu halijafika humo. Ni lazima namba mojawapo iwe ya desimali tangu mwanzo, kwa mfano 50.0 / 3. Kwa sababu hiyo hiyo, 45 / 100 hutoa 0, na mwanafunzi aliyepata alama 45 huonekana hakupata kitu.

Kosa la pili la namna hiyo ni alama ya sawasawa. Katika C, alama moja ya = huweka thamani, na alama mbili == hulinganisha. Anayeandika if (maji = 0) hajauliza kama maji yamekwisha. Ameyamaliza yeye mwenyewe, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

La tatu ni kigeu kisichopewa thamani ya kuanzia. Mwandishi hutangaza kigeu cha jumla na kuanza kuongeza humo, akidhani kinaanzia sifuri. C haisafishi vigeu vya ndani ya fanksheni. Humo huweza kuwamo mabaki yoyote ya kumbukumbu, ndiyo maana programu hiyo hiyo hutoa jibu sahihi asubuhi na upuuzi jioni.

La nne linahusu fedha. Aina ya int katika kompyuta za Windows haivuki 2,147,483,647. Kwa anayehesabu dola kiasi hicho ni kikubwa mno, lakini kwa anayehesabu shilingi, ushirika mmoja unaweza kukifikia. Jumla ikifika shilingi 2,500,000,000, programu mara nyingi huonyesha hasi 1,794,967,296, yaani chama kilichopata faida huonekana kina deni. Vitabu vingi hushauri kutumia aina ya long, lakini katika Windows long haina nafasi kubwa kuliko int, hata kwenye mashine ya biti 64. Aina inayofaa ni long long, ambayo huchapishwa kwa %lld. Kutumia float kwa fedha nako ni hatari, kwani haiwezi kuitofautisha 16,777,217 na 16,777,216.

Ndiva ikifurika

Ndiva ina kingo zake. Ikiingiziwa maji kupita uwezo wake, hayapotei, bali huharibu kilicho jirani. Kumbukumbu ya kompyuta ni hivyo hivyo.

Anayetenga nafasi 10 za herufi kwa jina la mkoa hudhani zinatosha. Neno Kilimanjaro lina herufi 11, na C huhitaji nafasi moja zaidi kwa alama ya mwisho wa neno, hivyo zinahitajika 12. Herufi zinazozidi huandikwa juu ya vigeu vya jirani. Programu huweza kuanguka mstari mwingine kabisa, na mwandishi akamaliza siku nzima akiuchunguza mstari usio na hatia.

Kosa la aina hiyo liliingia katika historia Novemba 2, 1988. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachia katika intaneti programu iliyojisambaza yenyewe na kukwamisha maelfu ya kompyuta. Mojawapo ya njia ilizopitia ilikuwa fanksheni ya C iitwayo gets, inayopokea maandishi bila kupima nafasi iliyopo. Fanksheni hiyo iliondolewa katika kanuni rasmi za lugha mwaka 2011, lakini bado inaonekana katika vitini vya zamani. Asiitumie mtu.

Inayopendekezwa ni fgets, ambayo huelezwa ukubwa wa nafasi. Ina faida nyingine kwa mazingira ya Same. Anayesoma jina la mahali kwa scanf na %s, mtumiaji akaandika Mamba Miamba, atapata Mamba peke yake, kwa kuwa scanf huishia kwenye nafasi tupu. Fgets huchukua yote. Ikumbukwe tu kwamba fgets huhifadhi pia alama ya kubonyeza Enter, nayo isipoondolewa, jina hilo likilinganishwa na jingine litaonekana tofauti.

Scanf yenyewe ina mtego wake. Ili isome namba na kuiweka katika kigeu cha kilo, ni lazima iandikwe &kilo. Alama ya & huieleza anwani ya kigeu. Ikisahaulika, programu hupeleka namba katika anwani isiyojulikana na kuanguka.

Njia za mafaili nazo huwapotosha wengi. Anayeandika "C:\tangawizi\namba.txt" ndani ya programu ya C hatafungua faili hilo, kwa sababu \t katika C ni pengo refu na \n ni mstari mpya. Mkwaju huo huandikwa mara mbili mbili, au hutumika mkwaju wa kawaida: "C:/tangawizi/namba.txt".

Dirisha lisilotokea na lisiloondoka

Anayevuka kutoka dirisha la amri kwenda kwenye programu zenye vitufe na menyu hukuta utaratibu mgeni. Hapa programu haiamui tena nini kifuate. Windows huweka kila tukio katika foleni, liwe kubofya, kubonyeza kibodi au kufunga, na programu hulichukua moja baada ya jingine katika mzunguko wenye GetMessage na DispatchMessage.

Dirisha lisipotokea kabisa, yachunguzwe mambo matatu kwa mpangilio: je, aina ya dirisha ilisajiliwa; je, CreateWindow ilirudisha kitu au sifuri; na je, ShowWindow iliitwa. Ikiwa Windows imekataa, GetLastError hutoa namba ya sababu. Namba 5 humaanisha ruhusa imenyimwa, na 1407 humaanisha aina hiyo ya dirisha haikupatikana. Amri ya net helpmsg ikifuatiwa na namba hiyo, katika dirisha la amri, huonyesha maelezo yake bila intaneti.

Dirisha likifungwa lakini programu ikabaki katika orodha ya Task Manager, mwandishi amesahau kuita PostQuitMessage pale dirisha linapoondolewa. Hapo ndipo hurudi ule ujumbe wa kunyimwa ruhusa: programu isiyoonekana bado ipo, nayo imelishikilia faili lake.

Dirisha likiganda na Windows ikaandika kwamba halijibu, kwa kawaida programu imekaa sekunde 5 bila kuchukua chochote katika foleni. Imezama katika hesabu ndefu, ilhali matukio yanajazana. Kazi ya namna hiyo hugawanywa vipande vidogo au hupewa njia yake ya pembeni, ili foleni iendelee kusogea.

Utaratibu wa kufuata

Kwa yote hayo, anayeanza anaweza kujiwekea utaratibu. Aandike mistari michache, aijaribu, ndipo aongeze mingine, kwani kosa katika mistari mitano mipya husakwa kwa urahisi kuliko katika mia mbili. Aiamuru kompaila itoe maonyo yote kwa kuongeza -Wall na -Wextra, na kila onyo alichukulie kama kosa. Maonyo hayo hutaja mapema mengi ya yaliyoelezwa hapa, ikiwa ni pamoja na alama moja ya sawasawa ndani ya if.

Jibu likiwa si sahihi, apandishe mfereji. Aweke printf katikati ya programu na kuchapisha thamani zilivyo hapo. Zikiwa sahihi, kosa liko chini ya hapo; zikiwa na dosari, liko juu. Kwa kurudia hivyo, programu ya mistari 1,000 hupunguzwa hadi mstari mmoja kwa majaribio yapatayo kumi.

Zaidi ya yote, aipime programu kwa hesabu ambayo jibu lake analijua kwa kalamu. Programu ya kugawa tangawizi ipewe kilo 50 na watu 3 kabla haijapewa mzigo wa kweli, kwa kuwa mkulima aliyeteremka na mzigo wake kutoka mlimani hatauona mstari uliomnyima kilo zake. Ataiona tu karatasi iliyochapishwa, na kwa kuwa imetoka kwenye kompyuta, huenda asithubutu kuibishia.